Nguo za Mjukuu Nilizianika Nyuma ya Ghala

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na neno hilo nimeliandika mara moja, sitalirudia. Mimi ni bibi mzima, kusoma nilisoma darasa la ubatizo tu, penseli naishika kwa nguvu mpaka karatasi inatoboka, lakini barua hii naiandika mwenyewe kwa sababu mwalimu Simioni, anayewaandikia wenzangu barua zao, ndiye huyohuyo anayetusomea gazeti lako kwa sauti Jumapili tukitoka kanisani, na mke wake Christina yumo ndani ya mambo haya. Kwa hiyo majina ubadilishe. Usipobadilisha nitakuja huko Musoma kwa miguu unieleze kwa nini.

Nilizaa mabinti watatu, mtoto wa kiume sikupata. Mabinti wameolewa wote, wa mwisho yuko ng'ambo ya mpaka upande wa Kenya, huja siku ya msiba tu na hata hapo huja amechelewa. Mume wangu Waitara alipokufa ndugu zake wakaanza kulitazama shamba langu na zizi langu kama vitu visivyo na mwenyewe, basi nikafanya ile mila yetu Wakurya tunayoiita nyumba ntobhu, mwanamke asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe wake anaoa msichana awe mkwe wa nyumba, na watoto atakaozaa huyo msichana ni wajukuu wa nyumba ile, hakuna anayeuliza baba yao ni nani. Katekista alinikataza meza ya Bwana kwa ajili hiyo. Nilimwambia, meza yako kaa nayo, mimi nataka mtu wa kunizika. Nikamwoa Bhoke kutoka Nyangoto, msichana mpole, hodari jembeni, na masika haya akanizalia mtoto wa kiume, nikamwita Waitara kwa jina la marehemu, mzito, mwenye kichwa cha babu yake kabisa.

Kwetu hatununui nguo kabla mtoto hajafika. Alipofika nikamfunika na kanga yangu kuukuu wiki ya kwanza, na wiki ya pili nikaenda mwenyewe mpaka dukani kule Bomani, nikachagua. Nilichagua vizuri, usidhani mimi sijui nguo. Nilichukua kitambaa cha hariri cha kung'aa, rangi ya maziwa, nikachukua vifungo vya shaba, kofia ya sufu nyekundu, bafta nyeupe ya kukata nepi, nikampelekea Okech, fundi cherehani anayekaa pale barazani. Okech akanitazama juu ya miwani yake, akasema, "Mama, huyu unamvisha anakwenda kuoa?" Nikamwambia, "Wewe shona." Akasema, "Kola hii itamkwaruza shingo. Chukua flana laini, nimtilie utepe wa kufunga, vifungo hivi akiking'oa kimoja atakimeza." Nikamwambia, "Watoto wa kwenu wavae utepe. Wa kwangu ni mwenye zizi, atavaa vifungo." Wanawake waliokuwa pale barazani walicheka sana, nami nikarudi nyumbani nimefurahi kwamba nimemshinda.

Bhoke alipoziona hizo nguo alisema asante mama, akazikunja, akaziweka. Mtoto akawa anamvika vishati viwili vya flana alivyoshona kwa mkono wake, vya kijivu, kama vya mtoto wa mpagazi. Halafu kuna hiyo pasi. Kaka yake Benedicto anapika kwa Mzungu mmoja, akamletea pasi ya mkaa, ile yenye jogoo mbele, na huyu msichana kila akifua nguo ya mtoto lazima awashe mkaa, apige pasi, mbele na nyuma, mpaka pindo. Nikamuuliza, "Wewe umekuwa mke wa karani?" Akasema, "Mama, muuguzi wa kliniki alituambia kila nguo ya mtoto mchanga ipigwe pasi, hata nepi." Nikasema, "Hata nepi! Nepi inakwenda kujaa mavi, unainyoosha ili mavi yakae sawa?" Akacheka kidogo, akaendelea kupiga pasi. Hilo ndilo lililoniuma, mshauri, kwamba alicheka akaendelea. Nililea mabinti watatu bila pasi, hakuna aliyekufa, na nilikuwa naamini moto ule unabaki ndani ya nguo unamkausha mtoto damu.

Tena alikuwa anaanika nguo za mtoto kwenye kamba mbele ya nyumba, kila mpita njia aone. Sisi nguo ya mtoto mchanga haionyeshwi ovyo. Watu wana macho. Jirani yangu Aloo, Mjaluo, alimtazama mtoto mgongoni kwa mama yake akasema, "Huyu amenona," na hakutema mate baada ya kusifu ili kuondoa kijicho. Nikasema basi, sasa kufua nitafua mimi. Nikawa nazifua na sabuni ya mche, nazisuuza, nazianika nyuma ya ghala la ulezi, juu ya majani, pale kwenye kivuli karibu na zizi la ndama, ambapo hakuna jicho la mtu linalofika. Mvua ilikuwa nyingi, zilikuwa hazikauki vizuri, nikawa namvika hivyohivyo zikiwa na ubaridi. Zile za hariri ndizo nilizozitanguliza.

Na pasi niliificha.

Hapo ndipo nilipokuwa sitaki kufika, lakini nimefika. Niliifukia ndani ya ulezi ghalani. Bhoke aliitafuta siku mbili, akaniuliza, "Mama, hujaiona pasi yangu?" nikamwambia, "Labda wale watoto wa njiani." Akaenda kuwauliza watoto wa njiani, nami nimekaa namenya ndizi, namwangalia anavyozunguka.

Siku chache baadaye mtoto akatoka majipu, mgongoni na matakoni, na moja chini ya kile kifungo cha shaba kinapomlalia. Akawa analia, halali, hanyonyi vizuri. Nikasema ni jicho la Aloo. Sikulisema nyumbani tu, nililisema mtoni mbele ya wanawake wote, nikamwambia Aloo arudi kwao na macho yake, na tangu siku ile Aloo anateka maji akiwa peke yake. Ndipo Christina wa mwalimu akaja kumwona mtoto. Akaomba mafuta ya ng'ombe, akapaka juu ya jipu, akangoja, akabana, akatoka funza. Mweupe, mnene kama punje ya mchele, anatembea. Akatoa wa pili. Akatoa saba. Akasema, "Bibi, hili si jicho la mtu, hawa ni wa nzi anayetaga kwenye nguo yenye unyevu. Nguo mnaanika wapi? Pasi hampigi?" Bhoke akasema, "Pasi imepotea." Mimi nikasema ng'ombe amekata kamba, nikatoka nje.

Kesho yake Bhoke alikwenda ghalani kuchota ulezi wa uji. Alikaa humo. Alitoka amebeba pasi mkononi, ulezi umeijaa mpaka kwenye matundu. Ningemwelewa kama angenitukana. Hakunitukana. Alizifua nguo zote nilizonunua, akazipiga pasi moja moja, akazikunja, akazipanga juu ya kitanda changu, akamvika mtoto kishati cha flana, akamfunga mgongoni na kanga. Akasema, "Mama, nguo zako hizo hapo. Mimi nampeleka Waitara kwetu akapone." Nikamwambia, "Nenda, tuone kama kwenu kuna maziwa." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu waondoke. Nilipoulizwa na shemeji yangu Heche, mdogo wa marehemu, mkwe yuko wapi, nilisema amekimbilia mwanamume huko kwa wachimba dhahabu. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Lilitoka tu, na likitoka kinywani kwangu mimi silirudishi. Heche amelishika kwa mikono miwili. Anasema ulezi ukishavunwa wazee watakaa, na aliyekimbia atavunjiwa ndoa, ng'ombe warudi, na mtoto akiacha ziwa aletwe, kwa sababu ni wa nyumba yetu. Nyumba yetu, anasema. Nami najua akivunja ndoa hiyo, siku mimi nikifa shamba ni lake.

Mshauri, mimi sina mtu wa kugombana naye. Ugali nasonga wa watu wawili, mkono umeshazoea, nusu nampa mbwa. Zile nguo bado ziko kitandani, nami nalala kwenye ngozi chini kwa sababu sitaki kuziondoa pale alipoziweka. Wanawake nikifika mtoni wananyamaza. Waitara sasa atakuwa anacheka, na mimi sijui anachekaje.

Nataka uniambie mambo mawili. La kwanza, ni kweli yupo nzi wa namna hiyo, au Christina ananidanganya kwa kisomo chake? La pili, nifanyeje Bhoke na mtoto warudi bila mimi kuaibika mbele ya watu?

Ni mimi bibi wa Tarime,
Gati

MAJIBU

Shikamoo mama. Nimekwisha kukuamkia, heshima yako umeipata, sasa kaa nikuambie.

Majina nimeyabadilisha yote, na safari ya Musoma umejiepusha nayo. Lakini mwalimu akisoma barua hii Jumapili na wenzako wakacheka pale kwenye nepi, usicheke nao ukijifanya ni habari ya bibi wa mbali.

Swali lako la kwanza ni jepesi. Nzi huyo yupo. Anapenda kivuli, udongo wenye mkojo wa wanyama, na nguo yenye unyevu. Anataga mayai usiyoweza kuyaona, na nguo ikigusa ngozi yenye joto mtoto wa nzi anatoka kwenye yai anaingia mwilini. Nyuma ya ghala, karibu na ndama, juu ya majani: mama, kama ungemtafutia nzi huyo nyumba ya kupanga usingepata nzuri kuliko hiyo. Jicho la Aloo halikufika kule nyuma. Nzi alifika.

Sasa sikiliza, nawe mama yeyote unayesomewa hapa. Nguo ya mtoto mchanga ianikwe juu ya kamba, kwenye jua kali, isiguse chini. Ukiogopa macho ya watu, ficha mtoto, nguo iache juani. Ikikauka ipigwe pasi ya moto pande zote, na zaidi kwenye pindo na mshono, maana ndiko mayai yanakobaki. Ndiyo, hata nepi. Mvua ikizidi, kausha juu ya jiko, kisha piga pasi. Usiye na pasi, iache nguo kavu imekunjwa sandukuni wiki mbili kabla hujamvika mtoto. Na pasi haikaushi damu ya mtu yeyote, nguo ikishapoa ni nguo tu.

Kuhusu kuchagua, fundi wako alikuwa na akili kukuzidi, nawe ulikuwa na ulimi kumzidi. Mtoto mchanga hana wa kumwonyesha hariri. Ngozi yake inataka pamba, na huko kwenu mlimani kwenye ukungu inataka flana. Shingo iwe pana, kifungio kiwe utepe mfupi, na ufungwe mgongoni, mbali na shingo. Nguo mpya ifuliwe kabla ya kuvaliwa, isuuzwe mpaka maji yatoke safi, maana sabuni iliyobaki inamwasha. Vile vishati vya kijivu ulivyovidharau ndivyo nguo nzuri kuliko zote zilizoingia nyumbani mwako.

Nimemaliza nguo. Nakuja kwako.

Niliposoma pale unapolala chini kwa sababu ya nguo zilizo kitandani niliiweka barua, nikatoka nje kidogo. Najua nyumba isiyo na mtoto ina kelele gani. Ulitafuta mtu kwa miaka, ukampata, ukamkosa kwa ajili ya pasi. Nakuhurumia, mama. Lakini nikikuhurumia tu utabaki na mbwa wako.

Kufua vibaya ni kosa, na makosa ya namna hiyo tunayo sote. Bhoke hakufukuzwa na funza. Ulimtazama binti wa watu akitafuta chombo chake siku mbili nawe unamenya ndizi. Halafu mtoto akilia ukampa Aloo lawama yako aibebe, na Bhoke alipoondoka ukampa jina baya alibebe naye. Unasema likitoka kinywani kwako hulirudishi. Basi Heche anakuombea uwe hivyohivyo. Hana haja ya kukuibia shamba, unampelekea mwenyewe.

Unauliza warudi vipi bila wewe kuaibika. Njia hiyo haipo. Nimeitafuta, haipo. Kuna aibu ndogo sasa, na kuna aibu kubwa siku wazee watakapokaa, Bhoke asimame na kaka yake, Christina asimame na funza saba, nawe uulizwe mbele ya watu huyo mwanamume wa dhahabu anaitwa nani.

Kwa hiyo usingoje ulezi uvunwe. Anza na Heche, leo. Mwambie, "Shemeji, nilikudanganya. Mkwe wangu yuko kwao kwa wazazi wake, alimpeleka mtoto akapone, na mimi ndiye niliyesababisha." Atapiga kelele. Mwache apige. Ndoa hiyo uliifunga wewe kwa ng'ombe wako, hakuna wa kuivunja wewe ukiwa unaitaka, na ukishasema hivyo mbele ya mtu wa tatu hana la kupeleka kwa wazee. Mtu wa tatu awe mwalimu. Ndiyo, huyohuyo.

Kesho yake nenda mtoni saa ile wanawake wote wapo. Ulimtukana Aloo mbele yao, utamwomba radhi mbele yao. Usimwite kando. Usianze na "kama nilikukosea." Sema ulichosema, sema kwamba si kweli, kisha umtwishe ndoo yake kichwani kwa mikono yako.

Ndipo uende Nyangoto. Usimtume Heche, usimtume katekista, usitume barua, umekwisha kuonyesha kwamba kuandika unaweza. Zile nguo za hariri ziache. Beba siagi, na unga wa ulezi wa uji wa mzazi. Ukifika mlangoni usikae, usinywe maji, usiulize mtoto yuko wapi. Mwamkie mama yake Bhoke, kisha mwambie Bhoke, wazazi wake wakisikia, "Pasi niliificha mimi." Basi. Usieleze mila, usieleze ulivyolea mabinti watatu. Akinyamaza, nawe nyamaza. Akikuwekea mtoto mapajani, mpokee. Asipokuwekea, waage kwa heshima, rudi nyumbani, uende tena wiki inayofuata, na inayofuata. Miguu unayo, uliniahidi kuileta Musoma.

Siwezi kukuahidi kwamba atarudi. Ana haki ya kukataa. Lakini msichana aliyekufulia nguo na kukupigia pasi siku anakuacha hakukutupa, mama. Alikuwa anakuonyesha namna ya kufanya.

Njia ni ndefu na utakutana na watu. Watakuuliza, "Bibi, unakwenda wapi?" Usiwaambie unakwenda kumwona mjukuu. Waambie, "Nakwenda kumwomba msamaha mkwe wangu." Mwambie wa kwanza, mwambie wa pili, mwambie hata usiyemjua mwenye ng'ombe zake barabarani. Mara ya kwanza utaisema vibaya. Ukifika Nyangoto utakuwa unajua kuisema.

Mama Damari